Miji Tuliyompa Asiye na Uso

Sista Nakiete anafunga mkanda wa miwani juu ya kilemba changu, hakivui, ananiuliza tu, Bibi, haikubani? nami nasema hainibani, ingawa inanibana kidogo, kwa sababu mtu anayekuuliza kama unabanwa amekwisha kukulegezea nusu. Miwani yenyewe ni mikubwa kama ya wale vijana wanaochomelea mageti, ila hii haina pa kuonea nje, ndani yake mna giza tupu lenye joto, na inanukia spiriti aliyoifutia. Kwenye kitanda cha pembeni mjukuu wangu Mwantumu amewekewa ya kwake, midogo, ya rangi ya chungwa, bado ameishika mkononi. Mguu wangu uko ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Mkono wake wa kulia uko juu ya mto, umefungwa bendeji, umekunjwa kama bawa la kuku aliyelowana. Sufuria moja ya uji ndiyo iliyotuleta hapa sote wawili: mbuzi wa jirani aliingiza kichwa jikoni, akavuta kitambaa cha kushikia sufuria, uji ukanimwagikia mimi mguuni na yeye mkononi, pale penye kiwiko. Mguu wangu unapona, ni mguu wa mzee, hauna haraka lakini hauna kiburi. Mkono wa Mwantumu ndio wenye shida. Kidonda kinafunga vizuri, lakini ngozi inajivuta, na yeye kila wakimgusa anaukunja zaidi na kupiga kelele mpaka watu walioko nje wanainuka kwenye mabenchi. Jana daktari alisema, kwa upole, lakini alisema: mkono huu usipoanza kunyooka sasa, itabidi mtoto apelekwe hospitali kubwa, wakate ngozi wabandike nyingine. Mwantumu alisikia. Tangu hapo hajaachia upindo wa khanga yangu. Ndiyo maana leo Sista ameleta miwani. Anasema wanaitumia kwa watoto wanaoogopa sindano, kwa kina mama wanaosubiri kupasuliwa, kwa wazee kama mimi ambao mapigo ya moyo yanapanda wakiona koti jeupe; inaitwa miwani ya uhalisia pepe, ukiivaa unakwenda mahali pengine huku mwili wako umebaki unahudumiwa. Hii miwili imeunganishwa, anasema, mtaonana hukohuko. Mwantumu amesema havai mpaka bibi avae. Basi nimevaa. Nasikia na yeye anavishwa. Egemea, Bibi, anasema Sista, pumua kama mtu aliyemaliza kufua. Napumua. Uvuguvugu wa beseni unapanda hadi magotini, hadi kifuani, hadi kwenye kope, na sijui kama ni miwani inayowaka au ni mimi ninayesinzia, maana jana sikupata usingizi, na tayari nina barabara chini ya miguu.

Barabara ni nyeupe, ndefu, inakwenda mpaka macho yanapochoka, halafu inajikunja inarudi juu ya vichwa vyetu kama kamba ya kuanikia nguo, na huko juu watu wadogo wanatembea kichwa chini, wanatupungia. Nakanyaga. Hapaumi. Miguu yangu yote miwili ni mizima, ina vumbi la kawaida. Pembeni yangu yupo Mwantumu, amevaa gauni lake la Idi, na mikono yake miwili ni ya mwanga mtupu, lakini ule wa kulia bado ameukunja kifuani. Mke mwenzangu, namwita, maana ndivyo tunavyotaniana, mume wetu ni babu yake; mke mwenzangu, upo? Nipo, bi mkubwa, anajibu. Kumbe huku umekuwa mrembo, huna mikunjo. Na wewe huna adabu, namwambia, hilo halikubadilika njiani. Anacheka. Tangu siku ya uji sijakisikia kicheko hicho, kwa hiyo nasimama kwanza nikisikilize mpaka kiishe, ndipo tunaendelea.

Mbele yetu kuna lango la mbao lisilo na ukuta. Kulia ni wazi, kushoto ni wazi, mtu angeweza kulizunguka bila kuinua hata pindo la nguo, lakini mimi sikulelewa hivyo. Nabisha. Hodi. Kimya. Hodi hapa. Bibi, tuzunguke tu, anasema Mwantumu. Namwambia hata ndotoni mtu hapiti kwa watu kabla ya kukaribishwa. Hodi tena. Ndipo inatoka sauti, Karibuni, karibuni, mnisamehe, nilikuwa natafuta neno la kujibu, wote waliopita hapa walizunguka. Na lango linafunguka, na anayetoka ni mtu mrefu kama nguzo ya umeme, amevaa kanzu ya rangi ya maji, na pale penye uso hapana kitu, pamelainika kama ganda la yai. Nashindwa kujua kama ni mkubwa wangu au mdogo wangu, yupi kati yetu amwamkie mwenzake, basi namwambia tu habari za hapa. Njema, anasema. Mwantumu anasema shikamoo, anaitikia marahaba, na papo hapo mtoto anamuuliza, Mbona huna uso? Mwantumu! namkaripia, mwenyeji haulizwi mambo ya sura. Mwache, anasema yule mrefu. Walionichora walianza na miguu, wakasema uso watamalizia kesho, na kesho yao bado haijafika. Anasema bila uchungu wowote, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi ndiye mwenye njia, anasema. Huku hakuna gari. Huku watu wanasafiri kwa vitendawili.

Hapo nafurahi, maana huo ni mchezo wangu. Kwetu mtu akisema kitendawili mnamwitikia tega, naye anatega. Mkishindwa kufumbua anawaambia nipeni mji, nanyi mnampa mji wowote, Tabora, Moshi, yeye anajitapa kwamba amekwenda huko amekula ameshiba amevaa vizuri, kisha ndiyo anawatajia jibu. Nilipokuwa msichana wenzangu jikoni waligawa nchi nzima. Mimi sikutoa hata kijiji. Anayeshindwa, anasema asiye na uso, atauweka mji hapa, na ananyoosha kiganja kipana kama ungo. Kitendawili! Tega! tunaitika. Nyumba yangu haina mlango. Yai! nasema kabla hajafunga mdomo, ingawa mdomo hana. Kitendawili! Tega! Nina bakuli, likijaa linanyamaza, likiwa tupu linapiga kelele. Tumbo! Kitendawili! Tega! Mgeni wangu anaingia kila nyumba asubuhi, hapigi hodi wala hafukuzwi. Mwanga wa jua! Hunipati, baba, katege kwa wengine. Napiga makofi, nazunguka kwa miguu yangu mizima, khanga inazunguka na mimi. Lakini barabara haisogei. Lango ni lilelile. Wale watu wa kichwa chini wamekaa, wanapiga miayo. Na Mwantumu ameacha kucheka. Bibi, anasema, kuna kitu kinanivuta. Naangalia, na juu ya mkono wake wa mwanga bendeji imeanza kurudi, uzi mmoja, uzi mwingine, na harufu ya dawa inaingia hewani. Kutoka juu, mbali sana, inashuka sauti ya Sista Nakiete: Bibi Siwema, mbona mmesimama mahali pamoja? Mimi nimekwisha kuanza kufungua. Namwambia mwenye njia, Twende basi, si nimepatia vyote? Anajibu, Anayejua yuko nyumbani, msafiri ni asiyejua. Ndiyo kusema nini? namuuliza. Ndiyo kusema nini, anarudia, kama kisima kinavyorudisha sauti. Ni Mwantumu anayeelewa, watoto wanaelewa mambo ya michezo upesi. Bibi, anapiga kelele, acha kushinda! Ukishinda hatuendi!

Kushindwa nako ni kazi. Kitendawili! Tega! Nikimpiga mwanangu watu wanacheza. Jibu ni ngoma, limekwisha kufika mdomoni, linagonga meno kutaka kutoka, nalimeza. Ni... ni chapati, nasema. Chapati! Mwantumu anaanguka kwa kicheko. Bibi, watu wacheze chapati? Ukipika wewe labda walie! Nipeni mji, anasema asiye na uso. Toa wewe, mke mwenzangu, mimi aibu imenishika. Mwantumu anafikiri, anasema, Korogwe, na mji unachipuka kwenye vidole vyake vya kulia, mdogo, wa moto kiasi, kama andazi lililotoka kuchujwa mafuta. Anausogeza kwenye kile kiganja. Mkono unatoka kifuani kidogo tu, kama kobe anayechungulia, anauachia mji unadondoka, anaurudisha mkono. Nimekwenda Korogwe, anaimba mwenye njia, nimekula, nimeshiba, nimevaa, na kabla hajamaliza kuvaa sisi tumo Korogwe.

Lakini ni Korogwe ya kwenye kioo. Mto unapita juu ya daraja na watu wanapita chini yake bila kulowana. Vibao vya saluni na maduka ya dawa vimeandikwa kinyume, kila nyumba ina kioo badala ya ukuta, na ndani ya kila kioo mna Korogwe nyingine, na ndani ya hiyo tumo mimi na Mwantumu, wadogo zaidi, tunatembea na asiye na uso ametutangulia, na yeye haonekani hata kwenye kimoja, ni kanzu tu. Muuza machungwa anatuita. Anayanusa moja moja mpaka apate lililo tamu, anamenya, na ganda linamfuata mkononi kama utepe, halafu la Mwantumu analikata juu na kulibonyeza tayari, ili mtoto wa mkono mmoja asihangaike, wala hasemi kwamba ameona. Mama mmoja tusiyemjua anaviringisha kivuli chake kama mtu anavyoviringisha mkeka, anatutandikia sisi, yeye anabaki juani. Asante mwanangu, namwambia. Kaeni tu, anasema, ninacho kingine nyumbani. Nataka kukaa, lakini kioo kinatikisika, na kutoka juu Sista anasema vizuri Mwantumu, vizuri sana, na mwenye njia ameshanyoosha kiganja. Kitendawili! Tega! Mwenzangu ananifuata mchana kutwa, giza likiingia ananikimbia. Naangalia kivuli tulichokalia, nakiangalia hasa, na kusema, Huyo ni shemeji yangu. Mwantumu ananipiga begani kwa kucheka. Anasema, Bibi, wewe shule ulikwenda kula tu? Nipeni mji. Lushoto! anasema yeye mwenyewe, hangojei kuambiwa. Na ninaona jambo ambalo yeye halioni, kwamba kiganja kiko mbali kidogo kuliko mara ya kwanza. Mkono unatoka, unapita ulipoishia, unaufikisha mji.

Lushoto kuna baridi ya kupendeza, na sokoni ukungu unauzwa kwa mafungu kama mchicha. Muuzaji anatufungia fungu, halafu anarudisha mkono na kutuongezea kipande kwa sababu mtoto amemsalimia. Kwenye vioo vya mji huu wamo watu waliopita kabla yetu, wale waliowahi kuvaa miwani, picha zao zimebaki kama vile joto linavyobaki kitini. Yumo mzee mwenye fimbo anayecheza peke yake. Bibi karibu, ananiambia kutoka kiooni, mimi huku nilipita siku ya kuchomwa sindano ya mgongo, walipomaliza nikawauliza mnaanza lini? Yumo mama mwenye mimba kubwa, ametulia, anasuka nywele za ukungu. Yumo mtoto mchanga kabisa wa kutambaa, sijui yeye alijibu vitendawili gani, amekalia tunda la peasi na kucheka. Wote wanatusogezea nafasi tupite. Kisha tunashindwa tena na kutoa Tanga, ambako baiskeli zinawaendesha watu, na kengele zao zinaomba njia kwa adabu, samahani mama, samahani. Kila tukitoa mji kiganja kinarudi nyuma kidogo, kila mara Mwantumu anakifuata bila kujua, na mimi nasema majibu ya kijinga zaidi na zaidi, nasema ni kijiko, nasema ni mjumbe wa nyumba kumi, nasema ni babu yako akiwa na njaa. Sijawahi kuwa mjinga kwa furaha namna hii.

Halafu miji inamwishia. Ni mtoto wa darasa la kwanza, nchi yake bado ni fupi. Nipeni mji, anasema mwenye njia, na Mwantumu anauma kucha na kusema, Mji wa mbuzi. Nasubiri aambiwe hakuna. Mwenye njia anapapasa hewani, kama mtu anayetafuta kitu gizani, na mwanga wa barabara unabadilika, unakuwa wa manjano, kama wa alasiri nyumbani, na sauti ya Sista siisikii tena. Kisha tumo. Mbuzi wanatembea kwa miguu miwili, wamevaa mashati, wamebeba vikapu, wanaulizana hali za watoto. Mmoja anatoka katikati yao, namfahamu kwa sikio lake lililochanika. Anavua kofia. Nimekuja kuomba radhi, anasema. Nilisikia harufu ya uji wa mtama, nikapoteza akili. Mwantumu anasimama na mkono kiunoni. Umemuunguza bibi yangu! Najua, anasema mbuzi. Na mimi umeniunguza. Najua, mama, tangu siku hiyo sijala kitambaa. Hata gazeti? Mbuzi anaangalia chini. Gazeti kidogo. Mwantumu anajikaza asicheke, anashindwa, kicheko kinamtoka puani. Anamkuna katikati ya pembe na kumwambia haya, nenda, lakini jikoni kwetu usirudi. Mbuzi wote wanapiga makofi kwa kwato. Naangalia mkono wake. Umefunguka nusu, kama mlango wa mtu anayetaka kujua nani amekuja.

Tumerudi barabarani, na kiganja safari hii kiko mbali kweli. Tumeshindwa kitendawili, sikumbuki hata kilikuwa kipi. Mwantumu ana mji mkononi, ameuita Mji wa Shangazi, anaunyoosha, ananyoosha, na anakwama. Inauma, anasema. Inavuta hapa. Uso wake unakusanyika, namjua, kinachofuata ni kilio. Nipe mimi nimfikishie, nasema, nauchukua mji kwenye vidole vyake, naupeleka, na kiganja kinajifunga. Mji wa mtoto haubebwi na bibi, anasema asiye na uso. Hapo namkasirikia. Ningekuwa na njia ya kulichukua lile vuto kwenye kiwiko chake na kuliweka kwenye changu ningekuwa nimekwisha kulichukua siku ileile jikoni, lakini hakuna nchi, hata hii, inayoruhusu. Narudisha mji. Nakaa chini katikati ya barabara, naye anakaa kwenye mapaja yangu, analia. Siendi tena, anasema. Basi, namwambia, tusiende. Mwenye njia anasimama kando, hahemi kama watu wanavyohema wakitaka uharakishe, hageuki kutazama mbele. Kusubiri namna hiyo ni wema, nami hasira inaniisha. Bibi, anasema Mwantumu baada ya muda, na wewe unaogopa? Naogopa. Wewe mtu mzima unaogopa nini? Naogopa wakifungua bendeji ya mguu. Niliogopa kuvaa ile miwani. Na naogopa wakikupeleka hospitali kubwa nitabaki peke yangu na babu yako, na yule mume wetu anakoroma, nani atanisaidia kumgeuza? Anacheka ndani ya kilio, vinatoka pamoja, ananifutia mimi machozi badala ya kujifuta yeye.

Kisha anainuka. Wewe mrefu, anasema, sasa natega mimi. Kitendawili! Mwenye njia anageuza kiganja chake juu chini, inaonekana hajawahi kutegewa. Sema tega, Mwantumu anamfundisha. Tega, anasema. Nimekibeba tangu nizaliwe, nyinyi wote mnakiona, mimi mwenyewe sikioni mpaka niazime. Jibu nalijua, najiziba mdomo kwa upindo wa khanga. Ile miji yote tuliyopita imetusogelea, vioo vimeinama kusikiliza. Asiye na uso anageuka huku, anageuka kule. Nimeshindwa, anasema. Nipe mji! anapiga kelele Mwantumu, kwa furaha ya mtu aliyeisubiri zamu yake. Sina mji, anajibu. Yote niliyo nayo ni mliyonipa nyinyi. Niambie tu jibu. Ni uso wangu! anasema Mwantumu. Siuoni mpaka niazime ki... na hapo anaona alichosema, na kwa nani. Mwenye njia hana pa kuonyeshea huzuni, lakini mabega yanashuka. Mwantumu ananiangalia mimi, anamwangalia yeye. Pole, anasema. Inama nikuchoree. Sikufundishwa kuinama, anasema asiye na uso. Basi simama hivyohivyo.

Anapanda juu ya jiwe la barabara. Anajaribu kwa mkono wa kushoto, na mdomo unaotokea umepinda kama kiazi. Hapana, anasema, nitamharibu mtu wa watu, kisha anaufuta kwa kiganja, na anautazama mkono wake wa kulia, ule anaoandikia shuleni. Unatoka kifuani. Kwa kidole anachora mdomo, taratibu, na mdomo ni mzuri. Anapanda kwenye pua, na ninaona mwanga wa kiwiko ukitetemeka, ngozi inavutika kama donge la unga likisukumwa, naye ameng'ata mdomo wake wa chini. Polepole, mama, namwambia. Usinisemeshe, Bibi, nachora. Anachora jicho moja. Anapumzika, mkono ukiwa hukohuko juu, hakuushusha. Anachora la pili. Bado nyusi, anasema, mtu hakai bila nyusi, ataonekana anashangaa kila siku, na anajivuta kwa vidole vya miguu, na mkono unakwenda juu, wote, kuanzia begani hadi ncha ya kidole, umenyooka kama mwiko. Nyusi ya kulia. Nyusi ya kushoto. Mwenye njia anafumba macho yake mapya, anafumbua, na mtu wa kwanza anayemwona ni Mwantumu. Uso wenyewe siujui, lakini ni kama wa mtu niliyewahi kukutana naye mlangoni akanipisha nipite kwanza. Sasa ninao mji wa kutoa, anasema. Upi? anauliza Mwantumu. Huu ninaouona, anasema, na anamwekea kitu kwenye kiganja kilichonyooka, na barabara inajikunja kama khanga inayokunjwa na watu wawili, ncha kwa ncha, inakuwa ndogo, inakuwa nyeupe, inakuwa dari.

Feni inazunguka. Mguu wangu uko nje ya beseni, juu ya stuli, umefungwa bendeji safi. Miwani yote miwili iko mezani, waya wake umechomekwa ukutani. Pole na safari, Bibi, anasema Sista Nakiete. Bado mnaendelea? namuuliza. Tumemaliza zamani. Miwani ilikwisha chaji kabla hata sijafika kwenye kiwiko, nikaivua taratibu, nikakuta mmesinzia wote wawili, nikaona niwaache. Mlikuwa mmefika wapi? Mji wa mbuzi, nasema. Ananitazama. Humo hamna mji wa mbuzi, Bibi. Vijana waliotutengenezea wamemaliza Korogwe, Lushoto na Tanga tu. Nataka kumjibu, lakini sasa namwona vizuri. Amevaa barakoa nyeupe, na juu ya barakoa pamechorwa mdomo na pua kwa ile dawa ya manjano, na juu ya nyusi zake mwenyewe pamepakwa nyusi nyingine. Hajazifuta. Kazi ya huyu, anasema, akinionyesha Mwantumu kwa kidevu. Nilikuwa namalizia kumfunga, akaunyanyua mkono mwenyewe, usingizini, akachovya kidole kwenye kopo la dawa akaanza kuchora. Niliogopa hata kukohoa, Bibi. Nilisimama wima tu, nikamwachia. Na daktari? nauliza. Alikuwa mlangoni, anasema, ameona yote. Ile safari ya hospitali kubwa ameifuta. Mazoezi kila siku, basi. Namtazama mtoto. Mkono wake umelala juu ya mto, umenyooka, vidole vimefunguka kama mtu aliyepewa kitu.

Nalishika pindo la koti la Sista. Maandishi kwenye kioo cha mlango yanasomeka kinyume, najiambia ni kwa sababu mimi niko ndani. Nje kwenye veranda mtu anampisha mama mwenye mtoto mgongoni, wanaondoka, na vivuli vyao vinachelewa kidogo kabla ya kuwafuata, au ni macho yangu yametoka gizani. Mwantumu anafumbua macho. Bibi, tumerudi? Nadhani tumerudi, mke mwenzangu. Ngoja nikufinye tujue, anasema, na mkono wa kulia unainuka kutoka kwenye mto, unavuka nafasi yote kati ya kitanda chake na kiti changu, unanifinya shavu. Unaumia? Naumia, wee! Basi anakunja uso, anafikiri. Hata kule nilikufinya, anasema, ukasema wee, hivyohivyo. Mimi sikumbuki kufinywa kule. Namtazama Sista, pengine atuamulie, lakini yeye ametulia nyuma ya uso wake wa manjano na siwezi kujua kama anacheka. Sawa. Kama ni huku ndiko usingizini, nisiamshwe haraka. Naliinamisha shavu, kisha nalirudisha nyuma, mbali kidogo kuliko mwanzo. Finya tena, namwambia, lakini nyoosha.